Magunia Kumi na Saba

Saa nne asubuhi, ofisini Ruwi,
Zuweina alisoma: ghala la Barka,
ndimu kavu, magunia ishirini.
Saa nne hiyohiyo, bandarini Suhar,
Khalfani naye alisoma ishirini.

Khalfani akauza matano, akaandika kumi na tano.
Zuweina akauza matatu, akaandika kumi na saba
juu ya mwandiko wa mwenzake.
Hakuna aliyedanganya.

Jioni tulihesabu: kumi na mawili.
Feruzi, mlinzi, akaitwa mwizi.

Usiku ule niliongeza safu moja kwenye jedwali: toleo.
Sasa anayechelewa huambiwa,
“Ulichosoma kimeshapitwa. Soma tena.”
Zuweina hunung'unika, husoma tena.

Muamala hutenguliwa, namba zikarudi zilikokuwa.
Feruzi hakurudi.