Umeme Kwanza

Saa nane na robo usiku, Ng'ong'ona.
Upepo umeleta vumbi la kilima mpaka ndani ya kibodi;
herufi N haiitiki mpaka uibonyeze mara mbili.
Mezani pana chai iliyoota utando
na ubao mdogo wa kijani, upana wa kiganja,
ambao keshokutwa unangojwa Mpunguzi
ukazinyweshe zabibu za Mama Matika.

Hauamki.
Unawasha taa moja, nyekundu,
unakohoa mistari kumi na minne kwenye kioo,
kisha kimya.

Nimekijenga kiini mara tisa tangu magharibi.
Mara tisa faili zimetafunwa bila malalamiko,
kiunganishi kikazishona, hii kwa hii,
hakuna kosa, hakuna onyo,
na mara tisa nimezaa maiti.

Nikarudi kwenye orodha ya madereva.
(Ndiyo, madereva. Hawana leseni, hawapigi honi,
kazi yao ni kusema na chuma kwa lugha ya chuma.)
Orodha ilipendeza. Ilipendeza mno:

    bomba
    kihisi
    mawasiliano
    saa
    umeme

Alfabeti tupu, kama mahudhurio ya darasa la tatu.
Nikaiuliza historia ya faili: nani?
Chilumba, ikajibu. Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini jioni.
Na ujumbe wake, maneno mawili:
"Nimepanga vizuri."

Ah, Chilumba.
Kiunganishi hakisomi maana, mdogo wangu.
Kinashuka na orodha kama ilivyo,
na kiini kinapofumbua macho
huita majina kwa mpangilio uleule walioshonewa.
Kikaita: Bomba!
Bomba likakurupuka, likapapasa waya, likaomba umeme,
na umeme uko mkiani, umejifunika shuka.
Bomba likangoja.
Kihisi kikangoja nyuma ya bomba, saa nyuma yake,
na umeme wenyewe nao ukangoja zamu
ambayo haiji mpaka bomba liondoke mlangoni.

Kutangulia si kufika, tulifundishwa.
Humu ndani kutangulia ni kufika,
au ni kuwazibia wenzako njia.

Baba alijenga tembe letu la mwisho kule Chilonwa
nikiwa na miaka sita. Hakuandika popote.
Nguzo, boriti, fito, majani, udongo.
Hakuna aliyeuliza mbona udongo mwishoni,
maana atakayeuweka kabla ya fito
utamwangukia kichwani, na watoto watamcheka.
Ila ndani ya faili hewa haionekani.
Unaweza kuezeka udongo juu ya hewa
na mashine ikakwambia: tayari.

Nilitaka kumpigia simu usiku uleule.
Nikalishika jina lake kwenye simu, kidole juu yake,
halafu nikashuka chini zaidi kwenye historia,
miaka mitatu chini, mpaka mkono wa kwanza
ulioweka umeme juu ya wote.

Ulikuwa wangu.
Siku ile nilijua sababu. Niliijua kwa wiki mbili za kukesha,
nikahamisha mstari mmoja, nikalala,
na sikuandika hata neno.
Nilimwachia Chilumba tembe lisilo na baba.

Basi nikapanga tena: umeme, saa,
kihisi, mawasiliano, bomba.
Ujenzi wa kumi ulichukua dakika ishirini na mbili;
nikazitumia kufuta vumbi kwa ncha ya khanga.
Taa nyekundu. Mistari kumi na minne.
Wa kumi na tano.
Wa kumi na sita, na mahali fulani ubaoni
swichi ndogo ikasema *ta*,
kama mtu anayebandua ulimi kaakaani kabla ya kusema.

Maelezo ya juu ya orodha niliyaandika mara tatu.
Ya kwanza yalikuwa na hasira, nikafuta.
Ya pili yalikuwa hotuba.
Ya tatu nimeyaacha, kila N nimeibonyeza mara mbili:

    Usipange kwa alfabeti. Umeme kwanza.
    Wengine wote wanaamkia mkononi mwake.