Miguu Isiyo Sawa

Mbele: mia moja tisini na tano.
Nyuma: mia mbili ishirini na tano.
Nimeyaandika nyuma ya kadi ya kliniki
kwa sababu kila duka la matairi hapa Nakuru
huniuliza mara mbili, kisha huniuliza
kama mwenye gari yuko.

Mwenye gari ni mimi.
Lilitoka kiwandani Japani mwaka wa tisini na nne,
jekundu; sasa lina rangi ya nyanya iliyosahauliwa dirishani.
Viti viwili tu. Injini iko mgongoni pangu,
inanipumulia kisogoni
kama mwanafunzi anayenakili mtihani.

Kwa Gichohi matairi yamepangwa hadi dari,
harufu ya mpira mpya na maharagwe ya mchana.
"Madam, chukua manne sawa. Bei moja, maneno yameisha.
Ya nyuma tutayavuta kidogo yakalie rimu.
Nani ataona?"

Nani ataona.

Aprili, karibu na Mau Summit,
mvua ya kwanza juu ya vumbi la miezi mitatu,
katikati ya kona niliinua mguu kwenye mafuta
kidogo tu, kama mtu aliyekumbuka kitu,
na nyuma ikaamua kuwa mbele.
Niliona shamba la viazi,
kisha lori la maziwa,
kisha shamba la viazi lilelile.

Fundi Nyamweya alichuchumaa, akapangusa ubavu wa tairi kwa mate,
akasoma tarakimu nne nisizowahi kuziona:
wiki ya thelathini na moja, mwaka wa kumi na tatu.
"Hili lingekuwa mtoto lingekuwa darasa la tano."
Lakini meno bado linayo, nikasema.
Akabonyeza kwa ukucha. Halikubonyea.
"Meno, ndiyo. Limekauka kama kwato.
Mpira hauzeeki kwa kukimbia peke yake, daktari.
Huzeeka hata kwa kungoja."

Basi kwa nini nisiweke manne yanayolingana?
Akacheka, akatafuta spana yake, akaikosa.
"Miguu sawa ni ya meza.
Hapa mzigo uko nyuma, kama gunia kwenye baiskeli.
Ukiivisha mbele kiatu kipana, itang'ang'ania barabara,
na nyuma itakuja mbio kuuliza kuna nini."

Dada yangu Chepng'eno aliposikia akasema, kumbe ni kama ndoa!
Sikumjibu.
Si kama ndoa. Ni tairi.
Lina upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia,
na wiki lililozaliwa.

Nikapiga simu.
Eldoret lipo moja. Moja!
Kisumu, kwa Odera, yapo mawili,
upana ni ule ule, ila ya kampuni nyingine,
michirizi yake inakwenda kushoto wakati ya mbele inakwenda kulia;
kwenye maji mbele itasema hili na nyuma itaelewa lile.
Nakuru yapo mapya, membamba.
Nakuru yapo mapana, ya mwaka wa kumi na tano,
yanang'aa kwa mafuta waliyopakwa maiti wa aina hii.
Mombasa wanasema: meli.
Meli gani? Meli, madam.

Nikalipa nusu. Manne, kampuni moja, jozi mbili tofauti.
Fedha ya mabati ya jikoni. Jiko litavuja hadi Septemba.

Kisha, kwa kuwa najijua,
nilimwambia Nyamweya ayang'oe magurudumu yote
ayafungie stoo, na ufunguo akae nao.
Gari limekalia mawe manne ya kuchongwa
kando ya kamba ya nguo.
Kwa mara ya kwanza lina miguu sawa.
Limetulia kama meza. Kuku wanapita chini.

Jana mvua ilishuka kutoka Menengai.
Niliingia, nikafunga mlango, nikashika usukani,
nikasikiliza paa.
Mguu wangu wa kulia, bila kuambiwa na mtu,
ukainuka kidogo.