Kiwimbi

Okko Harms, mtunza kipimo cha maji cha Oldersiel,
aliandika kwa penseli, kila saa, miaka thelathini na mmoja:
kina, upepo, na pembeni, mara chache, neno.
"Barafu." "Ukungu."
"Mke amejifungua. Vipimo viwili sikuvichukua."
Vipimo hivyo viwili ninavyo hapa, yaani sinavyo:
ni tundu katika safu ya tarakimu,
na programu inauliza, nizibe kwa nini?

Usizibe.

Ofisi ina baridi, kikanza kimezimwa tangu Ijumaa.
Nje maji yamekupwa, mto umebaki tope tupu,
unameta kama sufuria iliyolambwa.
Nabonyeza. Kompyuta inachukua kiwimbi kimoja,
kifupi, kinachoinuka na kufa papo hapo,
inakipitisha juu ya miaka mia
kama fundi apimaye kitambaa kwa shubiri;
kisha inakivuta, kinarefuka, inaanza upya,
kila siku inaulizwa: wafanana nami? kiasi gani?
Na siku hujibu kwa rangi.

Hesabu za zamani ziliitaka bahari iwe na jibu moja,
kama sisi tunapoulizwa hujambo
na hata mwenye homa husema sijambo.
Kiwimbi hakiridhiki.
Jambo lipo, kinasema. Lilianza lini?

Na hapo, kwenye utepe wa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano,
wekundu unakolea.
Bamvua linapanda kuliko zamani, maji mafu si mafu tena,
na yakitoka, yanatoka mbali,
yanafichua nguzo ambazo Okko hakuwahi kuziona miguu.
Nashusha kidole hadi chini ya picha, nasoma mwaka.

Naujua mwaka huo.
Kaka yangu Tjark alipata kazi kwenye meli ya kuchimbua mlango wa mto,
ili meli mpya za kiwandani zitoke bila kukwaruza matumbo.
Alilipa deni la mama. Krismasi tulikula bata bukini,
na mafuta yake tukapaka mkate hadi Februari.

Nilimwekea picha mezani Jumapili, kati ya vikombe.
Alinawa kwanza. Akavaa miwani.
Akaitazama jinsi mtu anavyotazama eksirei ya kifua chake.
Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, hata moja halikutoka.
Akaweka kidole palepale, bila kuonyeshwa:
"Hapa tulichimba usiku na mchana.
Gesche, huyu ni mimi?"

Chai ikapoa.

Kisha akaipanua picha, akarudi kushoto, nyuma, nyuma,
hadi kwenye ufa mwembamba usio na rangi.
"Na huyu?"
Huyo, nikamwambia, ni mtoto wa Okko Harms.
Anazaliwa.