Nyuma ya Picha

Eladio mpiga picha alipanda milima ya Lugo na punda,
kamera begani, na sandukuni koti moja jeusi
ambalo kila mwanamume wa bonde lile
amewahi kulivaa mbele ya lenzi.

Siku ile koti halikutoka.
Jeneza liliegemezwa ukutani, wazi,
ili Amaro, aliyeko Montevideo,
amwone baba vizuri.
Mama kushoto. Dada wawili. Mbwa
aliyetikisika, akatoka kama moshi.

Picha ilisema: amekufa, tulikuwepo.
Ikasema pia, bila kuulizwa,
kwamba kati ya mama na dada
pana upana wa mtu mmoja.

Mama hakujua kuandika.
Eladio akageuza kadi, akalamba ncha ya penseli.
Mama akafikiri hadi kabichi ikaungua jikoni.
"Andika: ng'ombe wa madoa amezaa.
Andika: deni la duka limekwisha."
Kisha, akihesabu sarafu za malipo:
"Andika, alikuulizia."

Miaka sitini. Nyuso zimekuwa maziwa,
penseli ingali nyeusi.
Mjukuu wa Amaro anasoma:
nani alimuulizia nani?
Anaigeuza tena,
kidole chake kinatua pale
pasipo na mtu.