Chumba cha Baridi Namba Nne

Kampuni yetu haina kibao. Ukiuliza Igogo
utaonyeshwa geti la bluu na mlinzi asiyesalimia.
Kwenye mkataba niliweka dole gumba mara tatu:
sitasema, sitauliza, sitarudi na kitu mkononi.

Kazi yangu ni kuhesabu kreti. Usiku wa manane
mlango wa namba nne hufunguka, na vijana
wenye mabuti ya tope la mwaka mwingine
huingiza furu. Furu! Wekundu tumboni, mikia bado inapiga,
samaki ambao mwanangu anawajua kwa jina tu.
Naandika: kreti arobaini. Tarehe siandiki.
Bwana Lugembe huijaza mwenyewe, kwa penseli.

Nani anawala, sijui. Ndege huwangoja kabla ya adhana.

Sangara ndiye aliyewamaliza, tulifundishwa shuleni.
Siku hizi, nikizipanga kreti ukutani,
namhurumia sangara:
kasingiziwa nusu ya deni.

Juzi kijana mmoja aliugua. "Kabula, vaa mabuti."
Hatua saba za barafu, masikio yakaziba,
kisha jua. Kirumba, mwaka sabini na sita.
Mawe yalikuwa yale yale, yamebebana vile vile,
ila nyumba zilikuwa hazijaanza kuyapanda.

Na nyuma ya beseni, mwanamke kachuchumaa,
mimba ya miezi minane,
anafukuza nzi kwa jani, ananitazama mabuti.
Nyanzala binti Masalu.
Mama.

"Fungu hili shilingi ngapi?"
Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mwenye kuomba.
Akataja bei. Akaongeza wawili bila kuombwa.
Mfukoni nilikuwa na sarafu moja tu, ya mia tano.
Akaigeuza. Nyati. Akaigeuza tena.
Hakucheka. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Sarafu hiyo naijua.
Ilikaa kwenye kopo la kakao chini ya kitanda chake,
nami ndiyo niliyojifunzia tarakimu:
mbili, sifuri, moja, nne.
"Mama, hii namba ya nini?"
"Ya mwaka."
"Mwaka gani?"
"Haujafika. Kula samaki wako."

Fungu nililiacha palepale. Mkataba ni mkataba;
nimerudi mikono mitupu, inanuka shombo.
Lakini leo, kwenye daftari la kreti,
kabla Bwana Lugembe hajachonga penseli yake,
nimeandika tarehe.
Kwa wino.