Paundi Tatu

Geji ya zamani ilikuwa na kioo chenye ufa
na namba zilizopanda hadi mia mbili.
Mjomba Mwero hakuisoma, aliizoea,
kama mtu anavyoizoea njia ya chooni gizani.
Trela la Kampala: mia na kumi.
Probox ya miraa: arobaini, ana mzigo huyo.
Pikipiki: bonyeza kwa kidole, basi.

Kisha ikaja kompresa mpya kutoka bandarini,
karatasi zake za Kichina,
geji yake inaishia kumi na sita.
"Hii ya kuchezea watoto," akasema.
Akaunga mpira kwenye gurudumu la trela.
Mshale ukafika nane, ukatetemeka.
Nane! Kwa macho yake hilo ni gurudumu lililolala.
Akaongeza.

Nane ile ilikuwa mia na kumi na sita za kwake.
Alikuwa ameshafika, ameshapita.

Kunguru wa Jomvu nzima waliruka.
Sikio la kushoto halikurudi:
ukimwita upande huo, waita ukuta.

Nikaandika kwa chaki ubavuni mwa kontena,
kwa vina, maana mjomba hesabu humponyoka
lakini shairi halimtoki:

*Baa moja ni paundi, kumi na nne na nusu,*
*Usijitie ufundi, geji hujaidurusu,*
*Ukiipuuza, fundi, hewa hugeuka kisu,*
*Namba bila jina lake, ni mgeni njia panda.*

Juzi nikampeleka mama Makadara.
Nesi akamfunga kitambaa mkononi, akapampu,
akatazama, sauti ikashuka:
"Mia na sitini."
Hata trela hatulijazi hivyo.
"Za nini?" nikauliza. "Paundi?"
"Za zebaki, dada. Milimita."

Sisi twaita presha, ya gari na ya mtu, neno moja.
Nikakaa kwenye benchi, nikageuza kadi yake,
mia na sitini, gawanya kwa hamsini na mbili kasoro.
Paundi tatu.
Nikarudia, labda nimekosea.
Tatu, na chembe.

Mpira wa watoto wa Mikindani hupita hapo.
Gurudumu la paundi tatu twaliita bapa, twalivua.
Na kwa tatu hizo mama hushika ukuta akiinuka,
husahau sufuria jikoni,
huniita kwa jina la dada yake aliyekufa.

Jioni mjomba akauliza, mikono ina grisi,
"Mbodze wamempima ngapi?"
"Tatu."
Akacheka. "Tatu? Mlete nimwongezee!"

Nikazunguka upande wa kulia,
nikainama kwenye sikio linalosikia,
nikamwambia tatu za nini.

Akazima kompresa.
Ilichukua muda hewa yote kutoka.