Kichaa Bila Mbwa

Saa tisa za usiku, Hamilton, mwezi wa Agosti,
kitu cheusi kinaizunguka taa ya Tunu.
Nikadhani nondo. Nikawasha taa kubwa:
popo, mdogo kama kipochi cha sarafu,
akipapasa dari ya mwenye nyumba.

Alipotua ukutani nilimfunika kwa bakuli la ugali,
nikapenyeza kadibodi,
glavu za theluji mikononi, joto lote lile.
Nilitaka kumtupa nje, tulale.

“Usimwachie,” akasema Bi Lorna wa afya kwenye simu.
“Mtoto alikuwa usingizini? Basi hatujui.
Meno yake ni ncha za sindano ya cherehani.
Huuma, ngozi isikumbuke.”

Nikamkagua Tunu kwa tochi,
nyuma ya masikio, katikati ya vidole,
nikitafuta nukta.
Sikuiona. Na kutoiona si dawa.

Kwetu ugonjwa huu una mbwa ndani ya jina lake.
Tulimjua kwa udenda, tukapanda mabati.
Mbwa wa mtaa huu wana vyeti vya chanjo
na makoti ya mvua;
hatari ilipita ufa wa dari,
upana wa kidole gumba.

Jumatano, Jumamosi, Jumatano, Jumatano:
Tunu alinyoosha mkono, akahesabu madirisha ya hospitali.

Ijumaa ile ya kwanza maabara ikapiga.
Alikuwa nao.
Nikakaa kwenye ngazi.

“Na yeye popo,” Tunu akauliza,
“kwa nini hawakumchoma mapema?”

Ufa umezibwa.
Bakuli bado sijalirudisha jikoni.